Mwanzi wa Makete

Nilitoka nao Makete: kipande kimoja, macho mawili,
kwenye kitenge kibichi, siku mbili garini.
Kwetu uliamka na sakitu mgongoni,
ukaikung'uta, ukaendelea kurefuka.

Newala mama mkwe aliuzunguka.
"Unalika?"
"Unanyweka," nikasema.
Somoe akanisogezea ndoo, maji yaliyokwisha kuosha vyombo.
Hapa maji hununuliwa.

Mizizi nimeifunika majani ya mkorosho.
Julai, ukungu ukipanda kutoka bonde la Ruvuma,
unanyooka kama aliyesikia akiitwa kwa kilugha.
Jua likitoka
unakunja majani, unaninunia.

Mwaka wa tatu. Leo jicho limetoboa udongo,
lina manyoya.
Mtu amelizungushia miiba, kuku wasilidonoe.
Somoe yuko jikoni, kidole mdomoni,
ananyonya damu.