Nyuma ya Mlango wa Jiko

Uru, juu ya Moshi, nyuma ya mlango wa jiko,
mama aliandika maziwa kwa chaki.
Jumatatu tisa. Jumanne nane.
Jumatano kumi, akaipigia mstari kwa majivuno.
Alhamisi sifuri.
Ijumaa tano, Jumamosi nane, Jumapili tisa.
Mlango ukifunguliwa, wiki nzima inageukia ukuta.

Mwalimu Mlingi alikuwa ametufundisha wastani:
jumlisha zote, gawa kwa idadi.
Nikasimama na daftari, moshi ukinichoma macho.
Mama, arobaini na tisa kwa saba ni saba.
Unauza lita saba kwa siku.

Akageuza ndizi jivuni.
"Siku ipi?"

Nikautazama mlango, juu hadi chini.
Hapakuwa na saba popote.
Saba ilikuwa siku ambayo haikuwahi kukucha.

"Na hiyo sifuri usimsingizie ng'ombe."
Alhamisi tulimzika baba yake Anaeli, wa ng'ambo ya mfereji.
Ng'ombe alitoa kama kawaida,
ndoo ikaishia kwenye chai ya msiba,
na walioinywa hakuna aliyewahesabu.

Lita moja, elfu moja na mia mbili.
Hamsini na nane elfu, mia nane.
Theluthi pumba na majani.
Nusu ya iliyobaki, deni la kikoba.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia, nikacheka:
mafungu matatu, kila moja kumi na tisa elfu na mia sita!
"Basi leo," akasema, "dunia imegawa sawa.
Andika na tarehe."

Lakini lile kopo la Ndesario, mnunuzi wa pale njia panda,
kitako chake kimetutumka
kama shavu la mwenye jino bovu.
Jioni moja mama aliliazima, eti apimie maharage,
tukachota maji kimyakimya nyuma ya zizi.
Pipa lilelile:
kwa kopo letu mara ishirini,
kwa lake mara kumi na tisa, likajaa pomoni.

Kwa hiyo katika kila ishirini, moja inamezwa na shavu.
Wiki ile peke yake, lita mbili unusu na ushei.

Sikumsikia akipandisha sauti.
Asubuhi alifunga kitenge kipya,
akashuka na jagi la plastiki lenye mistari ya lita ubavuni,
akamkabidhi Ndesario mbele ya foleni nzima:
"Zawadi yako, baba. Lile lako limechoka."
Ndesario akalipokea kwa mikono miwili,
kama mtoto anayepokea fimbo aliyotumwa kuikata mwenyewe.

Ijumaa daftari likarudi.
Swali la nne, wastani: saba.
Mwalimu ameweka vema kubwa, wino mwekundu.
Sikumwambia kuhusu Alhamisi.