Safu ya Kiyeyushi

Julai ile lori lilikwama Kitonga,
gia imekufa, na mzigo wetu umo:
pipa la toluini, galoni nne za methanoli,
risiti yenye mihuri mitatu.
Bwana Chengula wa stoo akaja na simu mkononi.
"Wiki mbili. Labda tatu."
Akapandisha zipu ya koti hadi kidevuni, akaondoka.

Dirishani Loleza haikuonekana.
Baridi ya Mbeya ilikuwa imeingia hadi kabatini:
asetofenoni imeganda chupani
kama samli ya asubuhi.
Nikaitikisa. Haikuitika.

Miaka ishirini na miwili mimi ni fundi wa maabara hii.
Najua kuosha chupa kuliko ninavyojua kusali.
Najua kichwa kinavyoanza kugonga saa nane mchana
dirisha likifungwa kwa sababu ya upepo.
Najua pia, na hili sikuwahi kuliandika,
ndoo ya bluu tuliyoibeba kila Ijumaa
nyuma ya choo cha wavulana,
kishimo ambacho nyasi zimekikimbia,
na mteremkoni, hatua mia tu,
kabichi za mama Sekela.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Na wao walikuwa wanazungumzia maji.

Ngwitika, mwaka wa tatu, mradi umechelewa,
alikuja na glavu za sufu chini ya zile za mpira.
"Tusage," akasema.
Tusage nini?
"Vyote viwili. Vikavu. Hivi hivi."
Nikacheka. Mimi nilifundishwa
kwamba molekuli hazijuani mpaka zioge pamoja,
kwamba kiyeyushi ndiye mshenga:
hupeleka posa, hurudisha jibu,
hula karamu, hulewa,
halafu sisi ndio tunaomzika.

Tukatoa kinu cha kauri, kile chenye ufa mdomoni.
Aldehaidi nyeupe inayonukia vanila.
Asetofenoni, tumeikwangua kwa kijiko.
Chembe mbili za soda kali, upesi,
kabla hazijalowa kwa hewa tu.
Akaanza.
Kinu hiki hakufundishwa; anachojua ni jiwe.
Bibi yake kule Rungwe alisaga ulezi,
jiwe mama chini, jiwe mtoto juu,
bega likienda, kiuno kikirudi,
kru, kru, kru,
nami nikihesabu kwa saa ya ukutani, ile inayochelewa.

Dakika ya nne, kikavu kikatoa jasho.
Hakuna aliyemwaga tone.
Unga kwa unga, viliegemeana vikalainika,
vikawa uji mzito wa manjano,
manjano ya kiini cha ua la pareto;
kisha uji ukakaza, mchi ukanasa.
Ngwitika akapuliza vidole vyake.
"Wameoana," akasema, "na mshenga bado yuko Kitonga."

Sitadanganya. Tuliuosha:
kikombe cha maji, tone la asidi kuizima soda,
na kuutakasa kabisa kulidai spiriti,
vifuniko viwili vya chupa.
Wala si kila kitu hukubali kusagwa.
Wiki iliyofuata tulisaga vingine
mpaka kiganja kikatoka lengelenge,
tukapata vumbi lile lile tulilolitia.
Dokta Kihwele akatuambia kuna mashine,
chupa ya chuma yenye gololi tumboni,
inajitikisa yenyewe usiku kucha.
Akataja bei.
Tukarudi kwenye kinu.

Lori lilifika Agosti. Nikatia sahihi.
Pipa likasimama konani, jipya, limenuna.
Silichukii. Lina kazi zake.
Ila Ijumaa ile niliitafuta ndoo ya bluu kwa mazoea,
nikaikuta kavu,
buibui amefunga uzi toka mpini hadi ukingoni.

Jioni nikafungua daftari la matumizi.
Jina. Tarehe. Uzito. Kiyeyushi.
Safu hiyo ya mwisho sijawahi kuiacha wazi.
Kalamu ikagoma kwa baridi,
nikaipumulia, wino ukaja,
nikaandika: bega la Ngwitika.