Mahudhurio

Saa mbili na nusu asubuhi gari letu linapiga honi
mbele ya nyumba ya Belarmino, na mlango haufunguki,
maana Belarmino yuko nje tayari, kasimama kwenye theluji
na fimbo yake nyeupe, amenuna.
"Mmechelewa," anasema. Hatujachelewa.
Kipofu huyu anaijua saa kwa kengele ya kanisa,
na kengele ya kanisa, tangu padri ahamishwe,
inatangulia dakika kumi na moja.

Hapa zamani palikuwa shule.
Watoto waliisha mmoja mmoja, wakaenda na wazazi wao
Lyon, Geneva, Luksemburg,
hadi mwaka mmoja akabaki mvulana mmoja na mwalimu mmoja,
wizara ikafunga mlango.
Tulipoufungua tena tulikuta chaki bado iko ubaoni
na vigingi vya makoti ukutani, usawa wa kiuno.

Mkaguzi kutoka Bragança aliandika: vigingi viko chini mno,
havifai kwa watu wazima.
Nikamwambia aje mapema, amwone Gaspar.
Gaspar ana miaka thelathini na minne, ana kiti cha magurudumu
na mkono mmoja ambao humtii siku ukitaka.
Anavua koti. Anakosa kigingi. Anakosa tena.
Dakika nne. Siku za baridi kali, sita.
Hatumsaidii.
Katika kazi zote za nyumba hii, kuosha miguu, kupima sukari,
kumlisha Quitéria supu ya kabichi bila kummwagia shingoni,
hiyo ndiyo inayonichosha:
kufunga mikono yangu nyuma na kungoja.
Koti likishika, Gaspar hasemi kitu. Anaingia ndani
kama mtu aliyelipa nauli yake.

Saa nne mwalimu Adosinda anainuka.
Alifundisha chumba hiki miaka thelathini na minane;
sasa hajui kama amekunywa chai,
lakini orodha anayo, kichwani, haina pengo.
"Abílio." Abílio anaendesha kreni huko Lyon.
"Nipo," anajibu Belarmino.
"Celeste." Celeste alifariki akijifungua.
"Nipo," anajibu Belarmino, kwa sauti nyembamba.
Virgílio. Deolinda. Amável.
Nipo, nipo, nipo.
Mwanzoni wengine walicheka. Siku hizi wanaweka karata chini.
Kijana mmoja wa saikolojia, tuliletewa kwa miezi mitatu,
alitushauri tumsahihishe kwa upole,
tumkumbushe leo ni tarehe gani.
Tulijaribu Jumatatu moja. Alilia mpaka gari la jioni.
Jumanne Belarmino akasema:
"Mimi tarehe siioni. Endelea, mwalimu."

Leo niko jikoni, simu nimeibana begani,
namweleza mtu wa manispaa kwa mara ya tatu
kwamba mafuta ya kupasha nyumba joto yataisha tarehe kumi na nane,
kwamba watu kumi na tisa hawawi ishirini hata nikiwabana,
kwamba Quitéria yuko hospitalini tangu Alhamisi, hajafa,
msimfute kwenye fungu.
Kigingi chake nimekitundikia aproni yangu.
Sufuria inafoka. Naizima kwa kiwiko.

Nyuma ya mlango nasikia: "Zulmira."
Kimya.
"Zulmira wa mwoka mikate."
Ni mimi. Miaka arobaini na mitano iliyopita niliketi dawati la pili,
kando ya dirisha, nikitafuna ganda la mkate kisirisiri.
Nataka kuitika, ila mtu wa manispaa
anataka jina la kituo, herufi kwa herufi.
Namngoja Belarmino anijibie.
Hajibu. Yeye huwajibia wasiokuwepo tu,
na hatua zangu amezisikia tangu asubuhi.

"Hayupo," anasema mwalimu. Chaki inakwaruza ubao.
"Leo tena. Mwambieni mama yake."