Nafasi ya Saba

Nilikataa mwanzoni, sifichi.
Kizuri chajiuza, nilisema, kibaya chajitembeza.
Miaka ishirini na sita nimeitunza maktaba hii
juu ya mto Sabor, ambako theluji hufika kabla ya gazeti,
na sijawahi kukipaka kitabu rangi ya mdomo.

"Trela la kitabu," akasema mwalimu Eugénia.
Mimi trela nililijua la lori,
lile linalopita hapa na magogo, vioo vikitetemeka.
"Hili halivutwi, Dona Felismina. Hili ndilo livutalo."

Akaniletea watatu:
Iara mwenye sauti, Salomé mwenye masikio,
na Telmo, ambaye maktabani alikuja
kwa kuwa hita yetu ni nzima.
Chagueni, nikawaambia.
Telmo akainama rafu ya chini kabisa
akatoa kilicho chembamba kuliko vyote,
kijani, mgongo umepauka,
kadi yake ina muhuri mmoja: Machi 1987.

Mmoja.
Tangu hapo kimekaa, kizuri, kikingoja kujiuza.
Methali yangu ikanikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kinamhusu mlinzi wa kivuko cha reli, mwanamke.
Reli imeng'olewa, mataruma yamekuwa kuni,
naye bado hushuka usiku na taa yake
kwa sababu treni anaisikia.

Wakaenda stesheni kongwe, ile inayolala mbuzi.
Shali ya bibi yake Iara ikawa koti la mlinzi.
Simu ikafungwa kamba, ikapembezwa gizani: taa.
Salomé akatia lozi kavu kwenye kopo la biskuti,
akatikisa polepole, halafu haraka, halafu haraka zaidi,
na mbuzi, naapa, wakapisha njia.

Telmo ilimbidi asome ili ajue apige nini.
Alisoma amesimama. Alisoma ndani ya basi la shule,
akikunja pembe za kurasa
(niliona, nikajifanya nafuta vumbi).
Alipofika ukurasa wa mia na kumi na mbili
Ijumaa ikamkuta, siku ya kuonyesha,
basi trela likaishia alipoishia yeye:
taa inapanda, mkono unasita,
kuna mtu amesimama relini,
giza.

Walimu walidhani ni ufundi.

Dakika moja na sekunde arobaini
ukutani mwa bwalo, juu ya harufu ya supu ya kabichi.
Taa zilipowashwa hakuna aliyepiga makofi.
Kisha kutoka meza ya darasa la tano
sauti moja, yenye mkate mdomoni:
"Halafu?"

Nimenunua mabango. Nimebandika nyota za dhahabu.
Nimewasomea kwa sauti mpaka nikapaliwa.
Neno hilo sikuwahi kulipata bure.

Majina kumi na manne, nakala moja.
Telmo alikuwa amekirudisha asubuhi ile ile,
kwa kuwa tarehe yake ilikuwa imefika
na mimi na tarehe hatutaniani.
Alipokuja kukiomba tena alikuta sita mbele yake.
Wewe ndiye uliyekitoa vumbini, nikamwambia, naweza...
"Foleni ni foleni," akasema,
akaandika jina lake kwa kalamu ya risasi, la saba.

Sasa hutembea ukumbini ameziba masikio.
Aliyemaliza akimkaribia, hukimbia.
Msomaji wa tatu amekirudisha na doa la jemu,
wa nne alikuwa mlangoni kabla ya kengele,
na Telmo amekaa karibu na hita, hana kitabu, hana simu,
ananitazama usoni.

Anajua kwamba mimi najua
ni nani aliyesimama pale relini.
Nampa mgongo, napanga rafu ya chini,
moja moja,
nikisoma kadi zisizo na muhuri.