Vizimba Kumi na Viwili

Leo nimeviosha vizimba kwa mara ya mwisho,
nikavipanga nyuma ya maabara, hapa Shangani,
milango wazi, juani.

Miaka tisa nilikuwa mtu wa sungura.
Nikiwakatia majani, nikiwanyoa mgongo
kiasi cha kiganja cha mtoto,
kisha Daktari Nandonde akidondosha marhamu
ya mikono ya wabangua korosho.
Tone, na saa ukutani.
Kazi yangu ilikuwa kushika.
Watu husema sungura hana sauti.
Hawajawahi kushika.

Nilikuwa na sababu, nyumbani.
Somoe wangu amebangua misimu kumi na saba.
Utomvu wa ganda ulimla vidole
hadi mashine ya vitambulisho ikamkataa:
"Mama, huna alama."
Kwa hiyo nilishika. Ningeshika hata mia.

Mwezi wa tano likaja kabati la joto,
languruma kidogo, kama paka aliyeshiba.
Binti Nachipyangu akaniita: njoo uone.
Ndani ya kisahani, kitu chembamba
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
"Ngozi," akasema. "Ya watu.
Masalio ya upasuaji, wenyewe wametia saini.
Tumeilisha, imeota."
Nikauliza: inasikia maumivu?
Akafikiri kabla ya kujibu, nikampendea hilo.
"Haina wa kumpelekea habari."

Tukaanza na zile za zamani.
Marhamu ya tatu, tuliyoikataa mwaka wa pili
kwa kuwa mgongo wa sungura uliiva mwekundu kama bibo:
ngozi ya kisahani ikaipokea,
ikatulia.
Tukarudia. Ikatulia.
Miaka saba imekaa kwenye friji, lebo yake HAIFAI,
na mwandiko ni wangu.
Miaka saba Somoe anapaka majivu.

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji.
Sijui nilikuwa namlilia nani.

Sijawa mtakatifu. Kuku nachinja.
Lakini yule wa kizimba cha saba, wa mwisho,
nilimbeba nyumbani kwenye kapu.
Somoe akampakata,
akampapasa kwa vidole visivyo na alama
pale mgongoni ambapo manyoya hayakurudi.
Akanyamaza kitambo.
"Na huyu," akasema,
"naye alikuwa anabangua?"