Kati ya Montopoli na San Miniato

Saa mbili asubuhi, nje ya geti la bandari ya Livorno,
nimeshika kibao: HAUGLAND, WAWILI.
Nimekiandika kwa kalamu ya rangi ya binti yangu,
herufi ya mwisho imebanwa ukingoni
kama mtu aliyechelewa lifti.

Meli ni ndefu kuliko mtaa niliozaliwa.
Inatema watu, watu wanafuata miavuli ya njano
hadi kwenye mabasi yenye namba.
Hawa wangu wamelipia gari la peke yao:
Pisa nusu saa, Firenze saa nne,
kurudi kabla ya saa kumi na moja,
maana meli haina shemeji, haimngoji mtu.

Wakashuka. Dada wawili wa Norwei, wazee,
Ragnhild na ramani, Torbjørg na fimbo,
na ugomvi walioupakia huko huko nyumbani
pamoja na soksi.

Pisa, mnara umeinama kama kawaida yake.
Watu mia wanauzuia kwa viganja, wanapigwa picha.
"Wewe Ilio, umewahi kuuzuia?" Torbjørg akauliza.
"Mama, mimi ni mtu wa Livorno.
Ningepewa nafasi, ningeusukuma."
Akacheka. Dada yake akatazama saa.

Kisha barabara kuu, na breki.
Taa nyekundu mpaka macho yanapoishia.
Lori la mapichi limelala ubavu,
dereva wake mzima, ameketi juu ya kreti,
anamweleza mkewe kwa simu, taratibu,
kama mtoto aliyevunja sahani.

Saa tano. Saa sita.
Ragnhild akaniambia, bila kugeuza shingo,
kwamba alipokuwa na miaka kumi na minne
mwalimu mmoja aliwaonyesha kuba la Firenze ukutani,
picha moja tu, kisha balbu ikaungua.
Tangu siku ile anadaiwa picha ya pili.
Nikapiga hesabu. Nikaifuta. Nikapiga tena.
Saa saba ikabidi niseme.
Hakujibu. Alikunja ramani
kwa mikunjo isiyo yake.

Torbjørg ndiye aliyefungua mlango.
Fimbo kwanza, kisha mguu, kisha sketi juu ya reli ya chuma,
akaketi majanini kama aliyefika alikokuwa akienda.
Polisi alikuwa ameshachoka kukataza.
Kijana wa pikipiki alijaza kofia yake ngumu,
mtawa mmoja alijaza mfuko wa duka la dawa.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Jembe sikuwa nalo.
Nilitoa kofia, nikaenda kuvuna.

Mapichi yalikuwa ya moto kwa jua,
utomvu ukawatiririka hadi viwikoni.
Torbjørg akasema neno moja kwa lugha yao,
neno fupi, kama jina la mbwa,
na Ragnhild akacheka hadi akaikamata reli,
akacheka hadi akalia, au kinyume chake.
Sikuuliza. Nilitazama mizeituni.

Njia ilipofunguka tuligeuza kwenye kituo cha mbele.
Tulifika bandarini saa kumi na robo,
mapema, kwa aibu.
Nikahesabu nusu ya fedha, nikamrudishia.
Ragnhild akaisukuma kwa kidole chenye gundi ya tunda:
"Tulilipia siku, hatukulipia kuba."
Akafungua daftari. Chini ya Pisa akaacha mstari.
"Pale palikuwa panaitwaje?"
Hapaitwi kitu, mama. Ni kati ya Montopoli na San Miniato.
"Taja herufi," akasema,
na nikazitaja zote, moja moja,
huku honi ya meli ikitukata kauli.

Ni Novemba sasa. Chini ya kiti cha nyuma
kuna kokwa inayobingirika kila nikikata kona.
Wateja huuliza nini hicho kinachogonga.
Huwa nawaambia gari limezeeka.