Gwamaka Anauliza Tuweke Nini

Gwamaka wa steshenari, pale Tukuyu,
jirani na duka la mbolea,
amenivutia kiti cha plastiki
akakifuta maji kwa kiwiko.
Mvua haijakata tangu Jumapili.
"Mwalimu," anasema, "tovuti ya mwandishi ni nyumba.
Tuanze na sebule. Tuweke nini?"

Anataka picha.
Ninayo moja, ya kitambulisho cha kazi,
nimekodoa macho kama mtu aliyeitwa na polisi.
Anacheka. Anataka nishike kalamu,
nitabasamu kidogo, nitazame mbali.
Mbali gani, mwanangu?
Ukungu umeufuta mlima Rungwe mzima,
nami nijifanye naona upeo?
Nipige hapahapa, na sweta langu,
na kidole hiki cheusi kwa utomvu wa ndizi.
Kalamu iache. Mimi huandika kwa penseli.

Wasifu, anasema, maneno hamsini.
Andika: Subilaga Mwambenja,
alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja.
Ameandika "mwandishi mahiri".
Futa mahiri.
Ameandika "mashuhuri".
Mashuhuri kwa nani, Gwamaka?
Sokoni wananijua kwa jambo moja,
siku nilipokataa viazi vyangu vifungwe lumbesa
nikaukalia mguni mdomo wa gunia
hadi lori likaondoka bila mimi wala viazi.
Hiyo iweke.

Kisha vitabu. Ni viwili.
Tumevitandika juu ya kanga, karibu na dirisha,
simu yake inatafuta mwanga, haiupati.
Cha kwanza nilikilipia kwa viazi vya msimu mmoja,
nakala mia tatu, zililetwa kutoka Mbeya
zimefunikwa turubai, na bado zilinusa dizeli.
Nilifungua ukurasa wa arobaini na moja nimesimama.
Niliandika: Mama akateremka mtoni kufua.
Mpiga chapa alidondosha u moja,
kikombe kidogo kisicho na mshikio,
na Mama akateremka mtoni kufa.

Sura ya tano yupo jikoni, anamenya ndizi.

Watu waliniuliza. Mchungaji aliniuliza.
Mtoto Lusajo aliniuliza mbele ya darasa:
alifufuka lini?
Nikanunua wino, nikarudishia u kwa mkono,
nakala baada ya nakala, hadi kidole kikafa ganzi.
Zilizokwisha kuuzwa zilikuwa zimekwenda.

"Basi tuweke masahihisho," anasema Gwamaka,
vidole tayari juu ya vitufe.

Ngoja.

Mwaka juzi simu iliita usiku, kutoka Makete.
Sauti ya mwanamke, hakutaja jina.
"Mwalimu, ule ukurasa usiuguse.
Mama yangu aliteremka hivyohivyo,
na ndoo, na kipande cha sabuni,
na hakuna kitabu kilichowahi kumtaja."
Nilitaka kumwambia ni kosa la chapa.
Mdomo ulifunguka. Nikasema asante.
Nikasikia mvua ya kwake, na ya kwangu,
hazikuwa zikinyesha kwa kasi moja.

Gwamaka ameondoa vidole.
Kikokotoo, risiti, karatasi za mtihani wa kata
ameviangalia vyote, asiniangalie mimi.
"Sasa tuandike kufua, au kufa?"

Usiandike lolote hapo.
Weka duka la Mama Atuganile, kando ya stendi:
vitabu vipo kati ya chumvi na daftari.
Walio mbali nitawapakilia kwenye basi,
wapokee Uyole, Makambako, popote linaposimama.
Na weka namba yangu, kwa tarakimu kubwa.
Atakayeuliza habari za Mama nitamjibu mwenyewe,
mmoja mmoja, kwa kadiri ya sauti yake.

Ongeza kwamba wapige baada ya saa moja usiku,
na waiache iite sana:
nyumbani mtandao haushiki
ila nikitoka nje, nikasimame
kwenye kona ya banda la ng'ombe.